Ufupisho wa Milima ya Montana

Nimesoma riwaya saba za Kimarekani kwa sauti, katika sebule moja ya Ilford, London, nikimsomea mama mmoja aliyepoteza macho, na sasa naweza kusema bila kusitasita kwamba Marekani hakuna kupalilia. Milima ipo, mito ipo, misonobari haihesabiki, na dubu wapo wa kila ukubwa. Yupo pia mwanamume ambaye mke wake amemwacha. Huyu ana pikapu na mbwa mzee asiyelinda chochote, na huenda mlimani kujitafuta. Hujitafuta kwa kurasa mia nne. Katika kurasa zote hizo hashiki jembe hata mara moja, wala hakutani na jirani wa kumsimamisha njiani amuulize yeye ni mtoto wa nani na hapa anatafuta nini.

Kwetu Taita, mtu mzima akiingia msituni siku tatu bila shoka, bila panga na bila ng'ombe aliyepotea, ukoo hukaa kikao. Akitoka huko na kusema kwamba alikuwa akisikiliza ukimya, kikao cha pili huitishwa, na safari hii na mchungaji hualikwa. Mimi mwenyewe milima niliijua nikiwa juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, debe mkononi, nikiamia mahindi ya mama yangu. Nyani walikuwa wakishuka asubuhi kutoka mwambani, na kazi yangu ilikuwa kupiga debe na makelele mpaka saa ya kwenda shule. Hakuna nyani hata mmoja aliyewahi kunitazama machoni akanisamehe makosa yangu. Katika riwaya ya pili, dubu alimfanyia hivyo mwanasheria mzima wa Boston.

Huko nyumbani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili kwa miaka kumi na sita. Hapa London mimi ni kea, yaani nahudumia wazee majumbani mwao. Naosha, navisha, nalisha, natoa dawa, kisha nabonyeza simu kuijulisha kampuni kwamba nimemaliza, nikapande basi kwenda kwa mwingine. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, wa kwanza wangu alikuwa mama huyu, mjane wa miaka themanini na minne. Kampuni ilitufundisha kuwaita wateja kwa majina yao ya kwanza, eti ndiyo heshima. Mimi lilinishinda. Mtu aliyekula chumvi nyingi namna ile nimwite kwa jina kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza? Nikamwita Mama. Akaniambia kwa upole kwamba yeye si mama yangu. Nikamjibu, "Sawa, Mama." Baada ya mwezi alichoka kunisahihisha, na alipojua kazi yangu ya zamani akaanza naye kuniita Mwalimu.

Saa yake moja ilikuwa imegawanywa na kampuni dakika kwa dakika, na zile ishirini za mwisho ziliandikwa "maongezi". Siku ya kwanza niliketi, nikaanza kuongea habari za mvua. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Sina la kuongea na mtu ambaye amenivua nguo sasa hivi," akasema. "Unajua kusoma?"

Nikamwambia najua.

Basi akawa ananituma maktaba, nami namletea riwaya. Alizitaka za Kimarekani tu, na ziwe za porini. Marehemu mume wake ndiye aliyezipenda. Alikuwa msomaji wa mita za gesi, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akiwa amepiga magoti chini ya ngazi za nyumba za watu, na hakuwahi kuvuka bahari. Ua wa nyuma wa nyumba yao ulikuwa umesakafiwa kwa saruji, na mnyama wa porini pekee aliyeingia humo alikuwa mbweha wa kupekua mapipa ya taka. Lakini katika kile kiti chake cha kijani kando ya dirisha, yule bwana alikuwa ameishi Montana miaka arobaini.

Mimi nilisoma kwa shingo upande, lakini nilisoma kila neno. Riwaya ya nne ilihusu ukame. Mwandishi alitumia kurasa thelathini kushangaa kwamba mvua inaweza kukataa kunyesha. Mabwawa ya kuogelea yalikauka, watu wakaachana, na mwanamke mmoja akaanza kuuomba radhi mpungate wa jangwani. Nilimwonea huruma kwa kweli. Kwetu habari hiyo humalizwa kwa sentensi moja, kisha watu huanza kuulizana nani bado ana mahindi ghalani. Ya tano ilisimuliwa na mto wenyewe, nao ulikuwa na malalamiko mengi kuliko mwenye nyumba wangu. Kila riwaya ilikuwa na mwanga. Mwanga uliingia kati ya matawi, ukalala juu ya maji, ukamgusa mwanamume shingoni, naye akamkumbuka baba yake. Nilianza kuuogopa mwanga huo, kwa sababu kila ulipoingia nilijua hakuna jambo litakalotokea kwa kurasa sita zijazo.

Mwezi Machi, mwanawe anayeishi kaskazini mwa nchi aliamua kumchukua. Sikumlaumu, maana mama alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Gari lingekuja Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia hapo, na nyumba ingefungwa. Mama hakubisha. Aliniomba jambo moja tu. Chini ya taa, kando ya kiti cha kijani, kulikuwa na kitabu ambacho kwa miaka miwili nilikuwa nikikipangusa vumbi bila ruhusa ya kukifungua. Kilikuwa cha mwisho ambacho mumewe alikuwa akimsomea. Kikaratasi cha kuonyesha alipoishia kilikuwa bado ndani, tangu wiki ile aliyopelekwa hospitalini.

"Nataka kusikia mwisho wake humu humu," akasema, "karibu na kiti chake. Huko ninakokwenda hakuna wa kunisomea. Mwanangu husoma simu tu."

"Tuanze hapo alipoishia?"

"Anza mwanzo. Kuna vitu vilinipita."

Nikapiga hesabu. Asubuhi zilizobaki zilikuwa kumi na saba. Kwa dakika ishirini, nikijikaza, nasoma kurasa nane. Kitabu kilikuwa na kurasa mia nne na kumi. Kwa mwendo huo ningefika theluthi moja ya kitabu, na mama angeondoka Ilford bila kuusikia mwisho alioungoja miaka yote hiyo.

Theluthi moja. Mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Kenya akisikia neno hilo mkono wake hutafuta kalamu nyekundu. Katika mtihani wetu kuna swali la ufupisho: mtahiniwa hupewa kifungu, na anatakiwa akibane mpaka theluthi yake bila kupoteza maana. Kwa miaka kumi na sita hiyo ndiyo iliyokuwa dini yangu. Ondoa mapambo. Ondoa mifano. Ondoa kila kinachorudiwa. Bakiza hoja. Nimewakata alama vijana wengi wa Taita kwa kosa la kueleza jua lilivyochomoza, na wengine wao leo ni maafisa wakubwa wanaoandika barua fupi sana. Nilijiambia kwamba Mungu hakunileta Ilford bure.

Nikakichukua kitabu nyumbani kwangu Barking, nikaanza kukipitia kwa penseli ndani ya basi. Kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Palipokuwa na watu, nilibakiza. Palipokuwa na mlima, nilikata. Na katika kukata huko nikagundua jambo lililonifurahisha sana. Pembeni mwa kurasa kulikuwa tayari na mistari hafifu ya penseli, ya mkono wa yule marehemu, na kila mstari ulisimama kando ya mlima, au mto, au theluji. Mistari yake na yangu ilikubaliana karibu neno kwa neno. Nikasema moyoni: kumbe bwana huyu naye alikuwa akiruka! Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote. Mistari yake iliendelea vizuri mpaka kwenye kile kikaratasi, ukurasa wa mia mbili sitini na kitu. Baada ya hapo, kurasa zilikuwa safi, na nikaendelea na kazi peke yangu.

Binti yangu aliniona mezani na kitabu hicho. Yuko mwaka wa mwisho wa shule, anasoma fasihi, na kwa bahati mbaya alikuwa akiandika insha kuhusu hiyo hiyo milima katika riwaya za Marekani za siku hizi. Mimi humsemesha Kiswahili, naye hunijibu Kiingereza, na tumeishi hivyo kwa amani. Akaniuliza kama mimi, nilipokuwa mdogo, niliishi karibu na msitu, na ulikuwaje.

"Kulikuwa na nyani," nikamwambia. "Na kazi."

Akangoja kidogo, vidole juu ya kompyuta yake. Mimi nikarudi kwenye penseli yangu. Akakunja miguu kitini na kuendelea kuandika mambo ya Wyoming.

Sikuwa peke yangu katika msimamo huo. Zamu ya jioni kwa mama yule ilikuwa ya mwenzangu mmoja, Mkongo wa kutoka Goma, na siku moja tulikutana kituo cha basi nikamweleza riwaya inahusu nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, mfuko wa aproni mkononi.

"Huyo mwanaume anaenda mupori mwenyewe?" akauliza. "Hakuna mwenye anamukimbiza?"

"Hakuna. Anatafuta roho yake."

"Mie pori nilishaionaka, ndugu yangu. Tulilala mule siku kenda, mutoto mugongoni. Hakuna mutu mwenye aliniambia nisikilize ndege." Akatazama saa yake. "Ile kitabu, wewe kata tu."

Nikakata tu.

Na lazima niseme, kilipendeza. Ukiondoa misonobari, riwaya ya Kimarekani ni kesi ya ukoo. Huyu wetu alikuwa na dada yake ambaye hawakuwa wakisemezana, na baba aliyekuwa akifa polepole mjini, na kibanda cha mlimani ambacho kila mmoja alisema ni chake. Palikuwa na barua iliyofichwa. Palikuwa na shemeji mchonganishi ambaye ningeapa nimewahi kukaa naye matangani. Nilisoma kwa kasi, watu wakiingia na kutoka, mlango ukibamizwa, na mama alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, chai ikimpoea mkononi.

Siku ya kwanza ya kumtaja dada, alinikatiza.

"Ana dada?"

"Anaye, Mama. Mkubwa wake."

"Kumbe!" akasema, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeletewa habari za jirani. "Miaka yote hiyo ana dada."

Niliona ni uzee. Nikasonga mbele.

Kulikuwa na nyakati alizokuwa akitulia ghafla kati ya sentensi na sentensi, mahali pale nilipoacha kurasa tatu za barafu, midomo yake ikicheza kidogo kama ya mtu anayesali. Nilimsubiri kwa adabu, nikadhani ni dawa za asubuhi. Tulipokipita kile kikaratasi cha marehemu, nilikihamisha kimya kimya, na kuanzia hapo midomo haikucheza tena. Alianza kuuliza maswali ya ajabu. Dada amesimama wapi anaposema hayo? Nje au ndani? Kuna baridi? Nikamjibu kwamba mwandishi hakusema. Mwandishi alikuwa amesema kwa kurasa mbili na nusu. Nilimdanganya mama kipofu, na wakati huo sikuhisi chochote ila fahari, kwa sababu tulikuwa mbele ya ratiba.

Jumatano ya wiki ya mwisho, siku mbili kabla ya gari, nilisoma namna mwanamume alivyomkabidhi dada yake ufunguo wa kibanda, wakakumbatiana, wakaingia kwenye pikapu na mbwa, wakashuka kwenda mjini kumzika baba. Nikafunga kitabu kwa kishindo kidogo, kama nilivyokuwa nikifunga rejista darasani.

"Mwisho, Mama. Tumekimaliza."

Nilitegemea atanishukuru. Nilikuwa hata nimeandaa jibu la unyenyekevu. Yeye alinyoosha mkono, akakitafuta kitabu magotini pangu, akakichukua. Akakifungua pale kilipo kikaratasi, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo wa kurasa zilizobaki.

"Na hizi?"

Zilikuwa kurasa kumi na nne. Sura nzima ya mwisho, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja. Nilikuwa nimeipiga mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini.

"Hizo," nikasema, "hizo ni milima tu."

"Milima tu," akarudia.

Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nilijiona nimesimama ofisini kwa kampuni nikieleza jinsi nilivyomwibia mteja maneno. Nikaanza kumweleza habari za asubuhi kumi na saba, na theluthi, na mtihani, na zaidi ya yote ile mistari ya penseli: mume wako mwenyewe, Mama, alikuwa akiziruka, nimeona alama zake.

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka nikamshikia kikombe kisimwagike.

"Hakuwa akiziruka, Mwalimu. Hizo ndizo alizokuwa akinisomea."

Kisha akanieleza. Mumewe alishinda majumbani mwa watu mchana kutwa, chini ya ngazi, na kila nyumba aliyoingia aliwasikia watu juu yake wakigombana. Hawakujali kuwa yupo. Alirudi jioni amejaa ugomvi wa mtaa mzima. Kwa hiyo vitabuni hakutaka watu. Alipitia sura mapema, akapiga mistari penye mlima na mto, na baada ya chakula akamsomea mkewe hiyo tu. Watu wote aliwaacha humo humo wagombane peke yao. Kwa miaka arobaini mama huyu alikaa Montana na Wyoming na hakuwahi kukutana na binadamu.

"Uliponisomea ile ya kwanza ya maktaba," akasema, "nilidhani umekosea kitabu. Kilikuwa na watu!"

"Na hiki?"

"Hiki milima yake naijua kwa moyo mpaka pale alipoishia. Wewe ulipoanza kuruka niligundua siku ya kwanza. Ulipopita juu ya barafu nikaisema mwenyewe kimya kimya, kisha nikawasikiliza watu wako. Nilikuwa nao wote wawili, yeye na wewe. Zilikuwa wiki nzuri sana." Akapapasa mkono wa kile kiti cha kijani. "Tangu tulipompita, sina mlima. Watu wako wanasimama juu ya hewa tupu. Nimekuwa nikisubiri uchoke kuruka."

Simu ikapiga kengele ya kunifukuza. Nikamvika shali, nikaenda kwa mteja mwingine, na huko nikamtilia chumvi kwenye chai.

Kurasa kumi na nne kwa asubuhi mbili ni kurasa saba kila siku. Hilo liliwezekana bila ufupisho wowote. Alhamisi nilisoma saba za kwanza, na nilizisoma vibaya mno. Sikuwa nimezisoma kwa makini hata mara moja, na zilijaa majina ya miti na ndege ambayo ulimi wangu haukuyajua. Mama alivumilia. Jioni nikampelekea binti yangu kitabu, nikamwomba anifundishe kuyatamka. Alinitazama kwa mshangao, kisha akasogeza kiti. Aliniletea picha za miti kwenye simu yake, mmoja mmoja, na ule unaofanana na msonobari lakini hugeuka manjano na kupukutisha majani yake tuliutazama kwa muda mrefu. Nikasoma sura yote kwa sauti, naye akinirekebisha kama nilivyowarekebisha wengine kwa miaka kumi na sita. Tulipomaliza aliweka kidevu juu ya magoti na kuniomba nirudie ukurasa wa mwisho.

Ijumaa niliwahi robo saa. Masanduku mawili yalikuwa mlangoni, na kuta zilikuwa na alama nyeupe mahali palipokuwa na picha. Mwanawe alikuwa nje akipanga vitu kwenye gari. Nilimwosha mama, nikamvisha koti la safari, nikamwekea tosti yake, na hakuila. Nikaketi. Kwa mara ya kwanza aliniambia nikae kwenye kiti cha kijani.

Nikasoma. Sura ile, ambayo nilikuwa nimeitupa kwa mstari mmoja wa penseli, ilikuwa kuhusu kibanda baada ya watu kuondoka. Mwaka mzima, na hakuna anayerudi. Theluji inaegemea mlango. Panya anafanya kiota ndani ya kiatu kilichosahauliwa. Barafu ya mtoni inapasuka kwa mlio na hakuna wa kuusikia, majani yanatokeza kati ya mbao za baraza, ule mti wa manjano unapukutika juu ya paa, na theluji inarudi tena kuegemea mlango ule ule. Hakuna anayejitafuta. Nyumba imeachwa tu, na mahali pale panaendelea na shughuli zake. Nilisoma nikiwa katika nyumba ambayo ndani ya nusu saa ingekuwa hivyo, na nilimwona mama amegeuza uso wake upande wangu, upande wa kiti, macho yake yasiyoona yakiwa wazi kabisa. Sikuuogopa mwanga ulipoingia. Niliusoma polepole.

Kengele ya simu ilipiga, nikaizima. Mteja wangu wa pili alingoja uji wake siku hiyo, na namwomba radhi.

Nilipofika neno la mwisho sikufunga kitabu. Tulikaa. Mama alijifuta mashavu kwa kiganja, bila haraka.

"Asante," akasema. "Sasa amefika."

Nikainuka nimsaidie kusimama, lakini hakunipa mkono.

"Mwalimu. Kwenu, ukisimama mlangoni kwa mama yako asubuhi, unaona nini?"

"Nyani," nikasema. "Hushuka kula mahindi."

"Usinifupishie."

Miaka kumi na moja sijaenda nyumbani. Kila wiki napiga simu, na najua nani ameshtakiana na nani, nani kafa, mpaka wa nani umesogezwa. Hayo ndiyo ninayompa binti yangu mezani. Mengine yote niliyakata zamani, kwa mkono wangu mwenyewe, na mtoto aliponiuliza nilimpa maneno matano. Iliniuma, hapo nilipokuwa nimesimama na koti lake likininukia sabuni niliyomwogeshea, iliniuma sana.

Nikaketi tena. Nikamwambia kwamba mlango wa mama yangu unatazama mwamba, na ukungu hukaa juu ya mwamba huo mpaka saa nne, halafu huondoka kuanzia chini, ukipandisha kidogo kidogo, kwa hiyo kwanza unaona migomba, kisha mapaa ya mabati, kisha dungu ambalo nilikuwa nikisimama juu yake. Nikamwambia mahindi yakiwa na umande hunukia vipi. Nikamwambia nyani mkubwa alikuwa akikaa peke yake juu ya jiwe moja bapa, mgongo kwetu, akiota jua, na kwamba nilipokuwa peke yangu sikupiga debe, nilimwacha akae. Hilo sijawahi kumwambia mtu, mama yangu angenichapa. Nikamwambia kuna mfereji unaopita nyuma ya jiko ukielekea mtoni, na usiku wa mvua—

Mwanawe aliingia, funguo mkononi, akasema gari limewashwa na njia itajaa. Mama alimwambia asubiri nje.

"Endelea," akaniambia.

Nilikuwa bado sijafika mtoni.